Fundi, Nichakazie Hii Meza

Mama alipokuja kutembea Agosti iliyopita, kitu cha kwanza alichokikagua ndani ya nyumba yangu kilikuwa meza. Aliizunguka, akapitisha kiganja juu yake, akakwaruza kwa ukucha pale rangi ilipokuwa imebanduka, kisha akaketi bila kuvua leso mabegani. Akangoja mke wangu aende jikoni. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kwani kazini mambo yameharibika?"

Nikamwambia kazini ni sawa tu.

"Sasa hii meza?"

Sasa hii meza ilikuwa mpya. Haikuwa imefikisha hata miezi mitano. Nilikuwa nimeitumia wikendi mbili nzima kuichapa, kuipaka, kuikwangua na kuipaka tena ili ionekane kama imepitia mikono ya vizazi vitatu. Marafiki walioiona waliipiga picha. Mmoja aliuliza niliipata Lamu au Zanzibar. Mama, ambaye ameishi na meza kuukuu za kweli maisha yake yote, aliiona akadhani mwanawe amefilisika.

Nilimweleza kwamba ni mtindo. Akasema, "Aha," ile aha ya wazee isiyomaanisha kwamba wameelewa, ila kwamba wamechoka kuuliza.

Swali lake halijanitoka. Tumezoea kuhakiki riwaya, mashairi na filamu, lakini vitu tunavyokalia na kulia chakula juu yake tunaviacha vipite bila kusomwa. Nataka niisome meza yangu kama ambavyo ningesoma kitabu. Nione inasema nini, inamsemea nani, na ni wapi inadanganya.

*

Mtindo wenyewe una historia fupi kuliko sura yake. Mwaka 1989 Rachel Ashwell, mwanamke kutoka Uingereza aliyehamia Marekani, alifungua duka Santa Monica, California, akiuza samani za mitumba zenye rangi iliyopauka na kingo zilizolika. Jina la duka lake, Shabby Chic, likageuka kuwa jina la mtindo mzima. Mwaka uliofuata Annie Sloan akatoa Uingereza rangi aliyoiita ya chaki, rangi nzito isiyong'aa inayoshika mbao bila kuhitaji msasa mwingi kwanza, na inayokwanguka kwa urahisi ukitaka ikwanguke. Basi kazi iliyokuwa ya mafundi wachache wa kurekebisha samani za kale ikawa kazi ya mtu yeyote mwenye brashi na Jumamosi isiyo na matanga wala harusi.

Kwetu ilifika kupitia simu. Kwanza mikahawa na nyumba za wageni, halafu sebule zetu. Siku hizi ukipita kando ya barabara ambako mafundi wa Nairobi hupanga vitanda na makochi yao, utaona katikati ya vanishi zinazong'aa kabati moja au mbili zilizopauka, kama wageni waliokuja harusini na nguo za shamba.

Mimi nilianza na meza ya saipresi, mbao laini ya bei nafuu ambayo mti wake asili yake ni Mexico lakini sasa umejaa mashamba ya miti ya nyanda zetu za juu. Mbao ngumu za zamani zimekuwa adimu, na tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018 kila fundi ana kisa chake cha bei. Kwa hivyo saipresi. Nilimwambia fundi wangu aitengeneze kawaida, halafu anichakazie.

Akatua randa. "Yaani niinyooshe vizuri, halafu niiharibu?"

"Isiwe umeiharibu. Ikae ya zamani."

"Boss, mimi kwa hii kazi nimefunzwa kunyoosha." Akafikiri kidogo, biashara ikamshinda mshangao. "Lakini kuharibu pia ni kazi. Ina bei yake."

Bei yenyewe ilinifanya niichukue meza ikiwa mbichi na kwenda kujiharibia mwenyewe.

Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu siri za kazi ndizo zinazoonyesha uongo wake na pia ukweli wake. Kwanza niliichapa kwa mnyororo na shada la funguo ili ipate mabonde. Kisha nikachukua ile waya ya kusugulia sufuria, nikailoweka ndani ya siki usiku kucha na zaidi, mpaka maji yakageuka rangi. Chuma kikiliwa na siki hutoa chumvi ya chuma, na chumvi hiyo ikikutana na tanini iliyo ndani ya mbao, mbao hugeuka kijivu au nyeusi papo hapo, kama ubao uliopigwa na mvua miaka kumi. Saipresi haina tanini ya kutosha, kwa hivyo unaipaka kwanza strungi nzito, iliyopoa, unaiacha ikauke. Chai inaipa mbao kile ambacho haikuzaliwa nacho. Nilisimama pale jioni nikaona mbao ikizeeka mbele ya macho yangu kwa dakika chache, na nakiri kwamba nilifurahi kama mtoto.

Baada ya hapo nikasugua mshumaa kwenye kingo, nikapaka rangi nyeupe juu yake, na ilipokauka nikaikwangua. Pale penye nta rangi haikushika, kwa hivyo ikatoka kama iliyolika kwa mikono. Miguuni nilitaka nyufa. Unapaka gundi nyeupe ya mbao, unangoja ianze kunata bila kukauka kabisa, halafu unapitisha rangi ya maji juu yake mara moja tu bila kurudia. Rangi ya juu inakauka na kujikunja haraka huku gundi ya chini bado inateleza, basi inapasuka vipande vipande kama tope la ziwa lililokauka. Pembeni mwa droo nilichanganya rangi na unga wa jasi mpaka ikawa nzito kama uji, nikaipigapiga kwa kitambaa ili iwe na mawimbi na vinundu. Mwisho nikasugua rangi ya viatu ya kahawia ndani ya kila ufa na bonde, nikapangusa ya juu. Uchafu wa miaka sabini ulipatikana kwa kopo moja.

*

Nilipomaliza nilisimama mlangoni nikaitazama, na kuna kitu kilinikataa. Ilichukua siku kadhaa kukijua. Meza ilikuwa imechakaa kila mahali sawasawa.

Meza za kweli hazichakai hivyo. Nenda ukaangalie meza yoyote iliyotumika katika nyumba ya watu. Upau wa chini umelika katikati, pale miguu inapopumzika, na mara nyingi umelika zaidi upande mmoja kwa sababu mwenye nyumba ana kiti chake. Ukingo wa mbele una laini ya kiganja. Ukingo unaoelekea ukutani bado una vanishi ya siku ya kwanza. Droo imekwaruzika chini ya kishikio, hasa upande wa kucha za mkono wa kulia, isipokuwa kama aliyekuwa akiifungua alikuwa mwenye mashoto. Nyuma ya miguu, mahali ambapo mguu wa mtu haufiki ila ufagio, kuna mstari hafifu wa maji ya kupigia deki. Kuna duara la sufuria, moja au mbili, na ukiuliza utaambiwa ni ya siku gani na aliyekosea ni nani.

Uchakavu, kwa maneno mengine, ni maandishi. Kila alama ina mtendaji, ina kitendo, ina sababu. Meza yangu ilikuwa na alama bila watendaji. Ilikuwa kitabu chenye herufi nyingi zilizopangwa vizuri ambazo hazifanyi neno.

Hapa ndipo mwalimu wangu wa Kiswahili wa darasa la saba aliponijia. Sote tuliosoma nchi hii tunaijua ile insha. Mwanafunzi harauki hivihivi, anarauka alfajiri ya Mungu, jogoo wa kwanza akiwa tayari kawika, jua likichomoza mashariki kana kwamba kuna siku huchomoza kwingine. Hatembei, anapiga milundi. Halii, anabubujikwa na machozi njia mbili mbili. Wahenga hawakukosea, na kila aya wananena tena. Tulifunzwa kupamba lugha kwa njia ile ile niliyopamba meza: chukua kitu kipya, kichape kwa mnyororo wa misemo, kipake strungi ya methali, mtahini ataona kina hekima ya wazee. Na alama tulipewa. Ila hakuna aliyewahi kuisoma insha ile akajua aliyeiandika alikuwa nani, alikula nini siku hiyo, wala aliogopa nini.

Tatizo la insha hizo halikuwa ukale wa maneno. Tatizo lilikuwa kwamba maneno hayakuwa yamechakaa mahali ambapo mwandishi alikuwa ameyashika. Methali inayotoka kinywani mwa shangazi wakati wa ugomvi wa shamba imelika mahali pake, kwa sababu inajua inamchoma nani. Methali hiyo hiyo ikifungulia insha kuhusu usafi wa mazingira ni rangi ya viatu ndani ya ufa.

Tabia hii haikuishia darasani. Iko katika mashairi mengi yanayoandikwa leo na watu wa Nakuru na Kitale, watu kama mimi, wanaookota maneno ya Kiamu na Kimvita na kuyapachika ubeti baada ya ubeti ili shairi linuke ubani. Hufanywa kwa heshima, najua. Lakini tukumbuke kwamba Muyaka bin Haji, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1776 na kufa 1840, hakuandika Kiswahili cha kale. Aliandika Kiswahili cha siku yake, cha siasa ya mji wake, cha mapenzi na madeni na kejeli za barazani. Ni sisi tuliochelewa kuzaliwa ndio tunaosikia ukale ndani yake. Ukale ule ni jasho lililokauka. Mtu anayemwiga Muyaka kwa kukopa maneno yake magumu anaiga jasho na kuiacha kazi.

*

Yule rafiki aliyeuliza kama meza ni ya Lamu alinipa sifa, na sifa hiyo nayo inahitaji kusomwa. Kwa nini Lamu? Kwa sababu katika akili zetu za bara, ukale wenye thamani una anwani moja. Una mlango wa kuchongwa, una kiti cha enzi cha mpingo chenye kusukwa na kupambwa kwa pembe, una ukuta wa chokaa uliojaa zidaka. Mji Mkongwe wa Lamu uliingia katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na tangu hapo, na kabla ya hapo pia, picha zake zimetengeneza ladha ya watu ambao hawajawahi kuvuka Mokowe kwa boti.

Lakini wenyewe wa pwani ile walikwisha kuandika kuhusu uchakavu, na hawakuuandika kama pambo. Takriban miaka 200 iliyopita Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiitazama Pate iliyokuwa tajiri na sasa imeporomoka. Anaingia katika majumba yale. Taa zimezimika, popo wameshika dari, buibui wametandaza nyuzi zao, na katika zidaka zilizopangwa vyombo vya kifahari sasa kuna makinda ya ndege. Ni shairi linalojua samani vizuri. Linajua kila kitu kilikaa wapi. Na kwa sababu linajua kilichokuwapo, uchakavu wake unauma. Ni ibra, ni onyo kwa moyo unaodhani utadumu.

Sasa fikiria sisi, karne mbili baadaye, tukichukua ile ile sura ya nyumba iliyohamwa, tukaing'oa kwenye msiba wake, tukaifanya kuwa rangi ya kupaka kabati la viatu. Sisemi ni dhambi. Sanaa zote hukopa. Nasema kuna kitu kimepotea njiani, na kitu hicho ni watu waliokuwa wakiishi mle.

Hata sheria inajua kwamba ukale ni suala la watu na tarehe. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, ukiacha vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa macho ya sheria, mlango wa 1894 na mlango uliopigwa strungi juzi ni vitu viwili tofauti kabisa, hata picha zao zikifanana kama mapacha. Kwa macho ya soko, mara nyingi ni kitu kimoja, na hapo ndipo mwongo wa kweli anapoingia, yule anayemuuzia mgeni mlango wa juzi kwa bei ya mlango wa babu. Mimi sikumuuzia mtu. Lakini rafiki yangu alipouliza kama ni ya Lamu, nakiri nilinyamaza sekunde mbili zaidi ya nilivyopaswa.

*

Turudi kwa mama, kwa sababu uhakiki wake ulikuwa mkali kuliko wangu.

Yeye amepigana na uchakavu maisha yake yote. Kila Desemba, kabla watoto na wajukuu hawajafika, viti vilitolewa nje vikapigwa msasa na kupakwa vanishi mpya, na sisi tukakatazwa kuketi siku mbili. Mkono wa kochi ulipolika, alisuka kitambaa kwa sindano na uzi mweupe akaufunika. Meza ilipopata duara la sufuria, kitambaa. Redio ilipopasuka kona, kitambaa. Wahakiki wa siku hizi hucheka vitambaa vya sebule za Kenya kuwa ni ushamba, lakini vitambaa vile vilikuwa hoja. Vilisema: tunacho kidogo, na kidogo hicho tunakiheshimu. Mgeni akiingia asisome umaskini wetu kabla hajapewa chai.

Kwa mtu kama huyo, rangi iliyobanduka haina mashairi. Ina kumbukumbu za mwenye nyumba anayedai kodi. Ili uione kuwa nzuri lazima umaskini uwe umekaa mbali nawe vya kutosha, au usiwe umewahi kukukaribia. Mtu mwenye mshahara hununua jinzi iliyotoboka magoti. Aliyetoboka magoti kwa kupalilia hununua mpya. Sebule yangu ilikuwa inatangaza kwamba sisi tumefika mahali ambapo tunaweza kujifanya hatujafika. Mama alisoma tangazo, hakuliona dokezo la kejeli, akalichukua kama habari. Na kwa kweli, nani kati yetu alikosea kusoma?

Hata hivyo sitaki kumaliza kwa kuutukana mtindo, kwa sababu haustahili matusi yote. Una mambo matatu mazuri nimeyaona kwa macho yangu. La kwanza, unaokoa mbao. Kabati ambalo lingekuwa kuni linapata miaka mingine ishirini. La pili, unasamehe. Meza ya kung'aa inapokwaruzwa na mtoto kuna kelele ndani ya nyumba. Meza yangu inapokwaruzwa hakuna anayegundua, na binti yangu anachora juu yake kwa amani. La tatu ni kubwa zaidi. Kwa kujaribu kuigiza uchakavu, nilijifunza kuuangalia. Sikuwa nimewahi kujua upau wa chini hulika wapi mpaka nilipoukosea. Muigaji mzuri lazima kwanza awe msomaji mzuri. Wikendi ya tatu niliirudia meza, nikapaka upya sehemu nilizokuwa nimechakaza bila sababu, nikaacha ukingo wa mbele tu, upau wa chini upande wa kiti changu, na chini ya kishikio cha droo. Ikawa nzuri zaidi. Ikawa pia ya uongo zaidi, kwa sababu sasa ilikuwa inaaminika. Mwandishi yeyote wa hadithi anaijua hali hiyo na hapotezi usingizi kwa ajili yake.

Kwa hivyo kosa haliko katika kuigiza uzee juu ya kitu kipya. Mbao mbichi ya saipresi haina la kupoteza. Kosa liko kwingine, na nililifanya.

*

Mama alipomaliza chai aliomba kupumzika. Nilimpeleka chumba cha wageni, na mle ndani lilikuwa lile kabati.

Baba alilinunua Voi mwaka 1974, kwa fundi ambaye jina lake halijulikani tena na mtu yeyote nyumbani. Ni la mvule, mbao ambayo huzaliwa na rangi ya kimanjano na kujizeesha yenyewe, mwaka hadi mwaka, mpaka iwe kahawia ya asali. Haihitaji chai ya mtu. Baba alipofariki mama aliniambia nilichukue kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma sana, na kabati lilikuwa na uhusiano na hilo. Tulikuwa hatuna umeme. Koroboi iliwekwa juu ya kigoda kando ya kabati, upande wa kushoto, na sisi watoto tukasoma tukiwa tumejipanga sakafuni. Miaka mingi ya moshi ilipanda ubavuni mwa kabati na kuacha ulimi mweusi, mwembamba chini, mpana juu, wa urefu wa mkono wangu. Mama alijaribu kuusugua, ukakataa. Ilikuwa mojawapo ya alama chache alizoshindwa nazo, na kwa sababu ubavu hauwezi kufunikwa kwa kitambaa, aliuzoea.

Nilipokuwa na joto la ushindi wa meza, nikiwa bado na nusu kopo la rangi nyeupe, nililitazama kabati nikaona ni zito, jeusijeusi, halilingani na chumba. Nikachukua msasa. Nilianza na ule ulimi wa moshi kwa sababu rangi isingeshika juu ya masizi. Ulichukua dakika arobaini kutoka. Baada ya hapo nikapaka nyeupe, nikakwangua kingo, nikasugua rangi ya viatu. Nililipa sura ya kabati lenye historia.

Mama alisimama mbele yake na mkoba bado mkononi. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaenda ubavuni, upande wa kushoto, akainama kidogo, akaweka kidole mahali pale pale.

"Koroboi ilikuwa hapa."

"Ndiyo, mama."

"Ukapaka rangi likae la zamani."

Sikujibu.

"Na si lilikuwa la zamani tayari?"

Mwaka 1877 huko Uingereza William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, kwa sababu makanisa ya karne nyingi yalikuwa yakikwanguliwa kuta zake kwa jina la kurekebishwa, yarudishwe katika ukale safi ambao pengine hayakuwahi kuwa nao. Watu walikibatiza chama hicho jina la utani la wapinga kukwangua. Nilikuwa nimesoma habari zao chuoni. Niliandika hata karatasi ya muhula kuwahusu, na nikapata alama nzuri. Kisha nikaenda nyumbani kwangu nikashika msasa.

Hiyo ndiyo kanuni pekee ninayoweza kuitoa katika makala haya, na nimeilipia. Ukiwa na kitu kipya, kichakaze upendavyo, ila kwanza ukatazame jinsi vitu huchakaa. Ukiwa na kitu cha zamani, kisome kabla hujakishika. Uliza wazee alama hii ni ya nini. Kama kina rangi kuukuu, kuna sababu nyingine ya kutokimbilia msasa: rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Na kama huwezi kumpata wa kumuuliza, liache doa. Doa usilolielewa ni kama neno usilolijua katika shairi la zamani. Halifutwi kwa sababu ya ujinga wa msomaji.

Nilijaribu kurudisha. Nilikwangua ile rangi nyeupe, nikapata mvule safi, mpya, ya kimanjano hafifu pale niliposugua sana. Mke wangu alipendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba niwashe koroboi kando yake jioni mbili tatu. Nilicheka, halafu nikafikiria kwa uzito zaidi ya ilivyostahili. Ningeweza kuupata ulimi mweusi wa sura ile ile. Nisingewapata watu watano sakafuni.

Mama alikaa wiki mbili. Siku aliyoondoka nilirudi kutoka stendi nikakuta amefunika meza ya sebuleni kwa kitambaa cheupe alichokuwa akikisuka jioni zote hizo mbele ya runinga, nasi tukidhani ni cha nyumbani kwake. Kinafika mpaka ukingoni, kinaficha rangi yote iliyobanduka juu, mabonde yote ya mnyororo. Miguu tu ndiyo inayoonekana, na nyufa zake za gundi.

Bado kiko hapo. Wageni wakiuliza nawaambia chini yake kuna meza mpya.